Nimeshindwa Kumsusia Senteu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kwa sababu nimeshindwa kutii na sijui sababu, nami ni kijana wa miaka ishirini na mbili wa hapa Nainokanoka, nimemaliza darasa la saba, sijawahi kugombana na mtu, na hata mbwa wa dukani nampisha njia.

Mwezi wa Februari sisi morani tisa wa rika moja tulikuwa kambini msituni kula nyama, na nyama ilipokwisha tukamchinja ndama aliyepotea wa bibi Nalangu, ambaye ni mjane, tukakubaliana kwamba tukiulizwa tuseme fisi, na bibi alipokuja kuuliza, Ngoitiko, ambaye ndiye msemaji wetu, akasema fisi, nami nikawa wa pili kusema fisi, wote tukasema fisi isipokuwa Senteu, ambaye alinyamaza, kisha siku ya pili akaenda kwa bibi akamwambia, "Koko, hakuna fisi, ni sisi."

Basi Ngoitiko akatoa amri kwamba asiwepo mtu wa kunywa na Senteu, na kama hujui desturi yetu, mshauri, morani hanywi maziwa peke yake, lazima mwenzake wa rika awepo, kwa hiyo amri hiyo ni sawa na kumfunga mdomo, nami niliitii siku mbili vizuri kabisa, lakini siku ya tatu nilipita kwa mama yake nikamkuta amekaa na kibuyu kimejaa, amekiweka mapajani kama mtu anayesubiri basi mahali pasipo na barabara, nikasema, "Lete," tukanywa, wala sikuwa na wazo lolote jema, nilikuwa na kiu.

Ngoitiko alipopata habari akaja akasema, "Kunywa polepole, ndugu yangu, huyo atampelekea bibi habari za koo lako," wenzangu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikanywa tena. Sasa wameamua nitoe faini ya mtamba, ambaye ndiye pekee niliye naye, na mwezi ukiandama, wazee watakapokutana kulisikiliza jambo hili, nisimame niseme Senteu ni mwongo, na nikisema hivyo Senteu atafukuzwa katika rika, na nisiposema nitatengwa mimi. Maneno yenyewe nimejaribu kuyasema mbele ya mbuzi, nikashindwa. Wenzangu saba wanaweza. Naomba unieleze nina kasoro gani, na kama mtu mzima anaweza kufundishwa kutii.

Ni mimi, M., Nainokanoka.

*

Marahaba, kijana. Barua yako ingefaidika na nukta zaidi, lakini nimeielewa.

Huna kasoro. Nimefundisha shule miaka thelathini na mmoja, na mara nyingi nimeona darasa zima likikubali jambo lisilo kweli huku mtoto mmoja amekaa kimya. Zamani nilidhani ni ujasiri. Nilipochunguza nikaona kwamba mtoto huyo aghalabu ni mwoga kuliko wenzake, ila amekiona kitu kwa macho yake na hana ufundi wa kukisahau. Wenzako saba wameugawana uongo kama mlivyoigawana nyama, kila mmoja kipande chake, na kipande kidogo humezeka. Wewe ulisimama mbele ya mbuzi ukajaribu kuumeza mzima. Ndiyo maana ulikukwama.

Wala usiombe kufundishwa kutii. Ulikuwa wa pili kusema fisi. Somo hilo ulikwisha kufaulu.

Tena usijipambe. Kunywa maziwa na rafiki si toba. Ni kunywa maziwa. Umeandika kurasa mbili juu ya Senteu, Ngoitiko na kiu yako, na ndama wa mjane umemtaja mara moja, kama mgeni aliyepita njiani. Bibi huyo amebakiwa na ndama wangapi? Hukusema. Nadhani hukuuliza.

Sasa fanya hivi. Usiungoje mwezi uandame. Zungumza na baba yako leo, maana ng'ombe hatoki bomani bila mwenye boma kujua. Atakukaripia, nyamaza. Kesho asubuhi mchukue mtamba yule yule wanayekudai, umpeleke kwa bibi Nalangu, umweleze kwa kinywa chako kwamba ulikula na kwamba ulisema fisi. Akikutukana, simama hapo mpaka amalize. Wazee watakapokaa, sema hayo hayo, wala usiongeze habari za Ngoitiko. Ana mdomo wake. Wenzako wakiidai faini, waambie mtamba yuko kwa nani, waende wakamdai bibi.

Huenda ukatengwa, sitakudanganya. Basi mtakuwa wawili, na desturi yenu haidai zaidi ya hapo ili mtu anywe.

Lakini kwa bibi usimwombe Senteu akusindikize. Yeye hakuwa na wa kumsindikiza.