Laini ya Mkunga

Jumatatu

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanaringa. Cherehani za kiwandani hazijakuchosha?

Nimepata ujumbe: "Habari za leo mteja wetu mpendwa, pole na majukumu. Laini yako itafungwa kesho. Turudishie namba ya siri tuliyokutumia." Wamenisalimu vizuri, lakini moyo unasita. Laini ikifungwa, wajawazito wangu watanipataje? Mke wa fundi viatu anajifungua wiki hii, na mimba mbili zimeshamharibikia. Nimemwapia: piga tu, nakuja. Nifanyeje?

Mama yako

Jumatatu jioni

USITUME! Hao matapeli. Ni mimi, simu yangu imezima, hii ni ya msimamizi na anaitaka. Usitume chochote!

Mwanao

Jumanne

Wewe uliyejiita mwanangu,

Mwanangu sikumlea hivyo. Hata nyumba ikiungua ataanza na shikamoo. Namba yako siijui, salamu huna, unanifokea kama kondakta! Tapeli ni wewe. Wale waungwana nimeshawatumia namba yao.

Mkunga, si mama yako

Jumanne jioni

Shikamoo Mama,

Simu yangu imewaka. Yule alikuwa mimi. Haraka ilinikosesha adabu, nisamehe. Napiga hupokei. Uko salama? Nijibu, nakuomba.

Mwanao

Jumatano

Mwanangu mpendwa, marahaba, mimi mzima wa afya. Nimekwama safarini. Nitumie nauli kwa namba hii.

Mama

Jumatano

Mama yangu hasafiri wiki hii. Wewe uliyeiba laini yake, sikutukani. Atakayekupigia akilia ni mjamzito. Mwambie ukweli tu, kwamba mkunga hapatikani, atafute mwingine. Tafadhali.

Binti wa mkunga

Jumamosi

Mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu. Barua nimempa dereva wa lori. U hali gani? Mimi si mzima.

Simu ilikufa mkononi. Badala ya kwenda kukaa na mke wa fundi viatu, Jumatano nilishinda ofisi ya simu, kwenye foleni, nikidai laini yangu. Naye mchana akapiga. Akapokea mwanamume, akasema mkunga yuko njiani, mtumie nauli. Wakatuma.

Nilipofika, mtoto alishatoka, wa kike, mzima. Mama yake alikuwa amelowa damu na mikono yangu haikuweza kuizuia. Tumemzika juzi.

Fundi viatu hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Ananiambia alitaka kuita gari limpeleke hospitali. Mkewe akamshika shati, akamwambia, "Tulia. Mkunga akisema anakuja, anakuja."

Mama yako