Kwa Ndugu Yangu wa Kusukuma Nyuma

Kwako Simiyu, mtoto wa mama yangu,

Pokea salamu za mkubwa wako kutoka hapa Kitale. Mimi niko, mwili hauna neno. Mkono wako je? Mfupa umeunga vizuri, ama bado unauma baridi ikishuka kutoka mlimani? Nijibu hilo kwanza, hata kama mengine hutaki kuyajibu. Simu sikutaka kupiga. Simu utanikatia, lakini barua utaisoma hata na hasira.

Hapa nasukuma mkokoteni. Natoa mahindi kwa malori ya Moi's Bridge, napeleka stoo. Usicheke. Wengine wanaenda wawili wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Mimi na umri huu naenda peke yangu na magunia manne, na wananiita Trekta. Mwenye stoo ni mama mmoja wa kutoka Nyeri, na kila asubuhi Kiingereza chake ni kimoja tu: "Push, mzee, push." Neno hilo linafanya kazi zote. Lori likikataa kuwaka, push. Mlango ukikwama, push. Siku moja nilishikwa na homa nikakaa juu ya gunia, akaniletea chai akasema, "Push tu, mzee. Hata mimi hapa ni ku-push." Nikajua ananipa pole.

Jioni nachemsha sukuma wiki yangu, nakula nikiangalia ukuta. Chumba kina kiti kimoja. Cha pili sijanunua, kwani atakikalia nani?

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Jumanne kulinyesha. Nilikuwa nimeanza kupanda kilima cha kutoka sokoni, mwenzangu mmoja wa mkokoteni akaniuliza, "Mzee, si nikupigie nyuma, nikusaidie kusukuma?" Nikamwambia aende akampigie babake. Katikati ya kilima miguu ikateleza, mzigo ukaanza kunirudisha. Ukiachilia, unaua watu huko chini. Ukishikilia, unakuua wewe. Nikashikilia. Mara nikasikia uzito umepungua. Mtu ameweka bega nyuma. Tulipofika juu niliweka jiwe kwa gurudumu, nikageuka. Hakuna mtu, ni watu wa soko tu wanapita na miavuli yao.

Nilisimama pale kama mjinga, bana, kwa maana mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema, "Pumzika, Simiyu."

Unakumbuka ile baiskeli ya baba, na gunia la kupeleka Kamukuywa? Mimi usukani, wewe nyuma. Na wa mbele hageuki, akigeuka usukani unapinda mnaanguka wote. Miaka yote hiyo nilipanda vilima bila kukuona, na watu sokoni wakinisifu mimi ati nina nguvu.

Basi ile mikonge ya mpaka wa shamba lako na langu. Ulisema nimeisogeza, nikakuambia umelewa. Ukanishika shati, nikakusukuma, ukaangukia mawe ya jiko. Hukuwa umelewa. Niliisogeza hatua mbili upande wako, wakati ule ulienda Bungoma kumuuguza mama mkwe. Ilishika vizuri, mimi nikipanda kitu kinashika. Lakini shamba lilikuwa lako, na mkono pia ulikuwa wako. Nilikimbilia huku nikisema natafuta kazi. Kazi gani, na mimi nina shamba?

Usiing'oe. Nitairudisha mwenyewe, wewe ukisimama hapo ukinionyesha mahali ilikuwa.

Nisalimie shemeji, mwambie ugali wake nimeukosa kuliko ninavyoweza kusema. Msalimie mke wangu, mama Nekesa, umwambie ile baiskeli ya baba aipeleke kwa fundi wa Kamukuywa. Na dada yetu wa Bokoli, ambaye amekubali kukuletea barua hii, mpe chai kabla hujaisoma, ama utasahau.

Nitashuka Kamukuywa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Nitapakia gunia moja la mahindi kwa ile baiskeli, ni la nyumba yako. Saa nane mchana nitakuwa chini ya kilima chetu. Usifikirie siwezi kupanda peke yangu, naweza. Lakini nitasimama pale kidogo nikijifanya nafunga kamba. Kama mkono bado, bega linatosha. Halafu nitaanza kupanda.

Sitageuka kuangalia. Gunia litaniambia.

Ni mimi mkubwa wako, wa mbele,
Wanjala