Harusi Zote Zimepona

Nakwa, Babati

Mama Neema, mke wangu,

Katika mkoa huu mpya hakuna mwanamume mwenye bahati kunizidi, hata mkuu wa mkoa asubiri! Diski yangu iliugua, nimeitibu, na harusi zote nilizopiga video zimepona. Haya, hujambo? Kikohozi cha Neema kimeisha? Mama mkwe sasa anaweza kukaa? Najua anaisubiri video ya harusi yetu, maana siku ile alikuwa amelazwa.

Sikia mambo. Diski ni mpya, kubwa, bado ina nafasi. Naingiza harusi ya Nangara, kesho yake nafungua ya zamani, namkuta bwana harusi mwingine kabisa! Nikampelekea Mwalimu Joyce, anayefundisha kompyuta hapa mjini. Akaichimba siku tatu.

"Baba Neema, diski ni nzima. Ubovu uko kwenye draiva, ile programu inayoiambia diski iandike wapi. Namba zake zikijaa zinarudi sifuri, inaandika juu ya vitu vya mwanzo."

"Kumbe kama kadi za ukumbini!" nikamwambia. Kuna harusi walichapa kadi za viti kuanzia 00. Zilipofika 99, mgeni aliyefuata akapewa 00 tena, akaenda kukalia kiti cha shehe, na shehe yumo!

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. "Umeelewa kuliko wanafunzi wangu. Uliishia kidato cha ngapi?"

"Cha pili, ila nilikirudia."

Programu yenyewe haijafungwa, mtu anaruhusiwa kuirekebisha. Akaongeza nafasi ya namba, mistari miwili tu! Tukajaza diski kupita pale ilipokuwa ikigeukia, na vya mwanzo havikuguswa. Nikatoka nje nikicheza. Mama Salma wa duka la vitenge akaniita, "We Baba Neema, umeoa tena?"

"Nimeponya diski!"

"Na harusi ya Salma wangu?"

"Ipo, mpaka ulivyolia!"

Nisalimie kaka yako fundi baiskeli, na shangazi yako muuza maandazi. Mama mkwe mpe shikamoo yangu.

Hapo kwa mama mkwe kalamu imesita. Mke wangu, ile bahati niliyojisifia ni uongo. Harusi yetu ndiyo niliyoiweka kwanza kwenye diski, na mkanda wake nilisharekodia harusi nyingine. Imefutika. Haipo.

Mumeo,
Baba Neema