Nabii Aliyepanda Mahindi

Tumaini, mchumba wangu uliyenikimbia ukaenda Mbeya,

Kamwene. Hapa Nyololo baridi inang'ata, bibi yako anakusalimu, na jino langu la mwisho limeng'oka, kwa hiyo nimebaki na kucheka tu.

Umeuliza kama umtii huyo nabii anayekukataza dawa za kifua kikuu, eti ukimeza umemkana Mungu.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini manabii nimewasoma. Nikiwa kijana alikuja mmoja, akatuambia tusipande, Bwana anarudi kabla ya mavuno. Nilifurahi mno, maana jembe nilikuwa silipendi. Mama akaniambia, "Nenda kwanza ukaangalie nyuma ya nyumba yake." Sikwenda. Nilikaa naimba mapambio, yeye akalima peke yake.

Mvua ilipokolea nikaenda kwa nabii kuombewa. Nyuma ya nyumba mahindi yake yalinifika kiunoni.

"Ya nani haya, baba nabii?"

"Ya watoto," akajibu.

Mwaka ule nilikula kwa mama, na kila sahani ilikuja na swali: "Bwana amefika wapi, mwanangu?"

Biblia inasema tutawatambua kwa matunda yao. Wangu nilimtambua kwa mahindi, nikiwa nimeshachelewa. Wewe usichelewe. Meza dawa leo, na kesho, mpaka daktari aseme basi. Huyo nabii akiuliza nani kakuruhusu, mwambie ni babu. Kama ana ubishi aje Nyololo, jembe la kumpa ninalo.

Babu yako, kibogoyo