Kikao cha Kuamua Kama Protini na Protoni ni Ndugu

KAMATI YA MANENO YA TIBA NA SAYANSI, CHUO CHA AFYA
Kumbukumbu za kikao cha saba, kilichofanyika Jumamosi asubuhi katika chumba cha kufungia plasta, ukumbi ukiwa umechukuliwa na mafundi rangi.

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti: daktari wa meno mstaafu, mlezi wa neno "atomu"; baba mdogo wa Mkunga
Katibu: mkutubi wa chuo, mwandishi wa kumbukumbu hizi
Mkunga: mwalimu wa ukunga, mlezi wa "protini"
Fundi wa Eksirei: mlezi wa "protoni" (alichelewa)
Bi Mfamasia: mlezi wa "homa"
Babu Darubini: mtu wa maabara, mlezi wa "homoni"

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Mwalimu wa Anatomia: mlezi wa "anatomia"; anasimamia mtihani wa mifupa

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika, kisha akanyamaza ili Fundi wa Eksirei apate nafasi ya kuingia. Fundi alieleza kwamba mashine ya eksirei iligoma. Katibu aliomba iandikwe kwamba mashine hiyo hugoma kila penye kikao. Mkunga alimwambia Katibu, "Si umwache avute pumzi kwanza?" Katibu alimwacha.

KUMB. NA. 2/7: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Kwa faida ya msomaji mgeni: kila neno linaloingia katika kamusi ya chuo hupewa mlezi, naye huliandikia maana na kulitafutia asili. Walezi wa maneno yanayofanana walikuwa wakigombana mpaka wagonjwa wanachungulia dirishani. Ndipo Mwenyekiti alipotunga kanuni kwamba walezi wa maneno yaliyotoka tumbo moja wahesabiwe ndugu, waitane kaka na dada, na waishi hivyo ndani na nje ya kikao. Wajumbe walipitisha wakicheka. Mwenyekiti hakuwa anacheka.

Wajumbe walikumbushwa pia kwamba "atomu" na "anatomia" walishathibitika kuwa ndugu. Wote wametoka kwenye neno la Kigiriki la kukata, mmoja akiwa kisichokatika na mwingine kukatakata. Mwenyekiti alisema ndiyo maana ya udugu: tumbo moja, tabia mbalimbali.

KUMB. NA. 3/7: HOMA NA HOMONI
Katibu aliwasilisha matokeo ya uchunguzi wa maneno haya, ambayo walezi wake wamekuwa wakiitana ndugu bila kusubiri ushahidi. Homa imetoka kwenye Kiarabu na asili yake ni joto. Homoni imetoka kwenye Kigiriki na asili yake ni kuchochea. Hawajuani hata kwa salamu.

Bi Mfamasia aliuliza, "Yaani huyu mzee nimemwamkia kama kaka yangu miaka yote hii bure?" Alidai arudishiwe kiti chenye mto, alichokuwa amempisha Babu Darubini kwa heshima ya ukubwa. Babu Darubini alijibu kwamba hata yeye alikuwa na wasiwasi, kwa kuwa hakuna mtu wa ukoo wao anayepika chai nyepesi kama ya Bi Mfamasia. Hata hivyo alionekana kuumia. Aliuliza kama kanuni inaruhusu watu kuendelea na udugu kwa hiari yao. Bi Mfamasia alisema atafikiria. Babu alipokohoa, alimpa kidonge cha kifua bila kumtazama. Kiti hakikurudishwa.

KUMB. NA. 4/7: PROTINI NA PROTONI, PAMOJA NA POSA
Mwenyekiti alieleza kwamba Fundi wa Eksirei ameleta posa kwa Mkunga, na kwamba yeye, aliyemlea Mkunga tangu akiwa mdogo, hana kinyongo na kijana huyo. Tatizo ni moja. Kama maneno yao ni ndugu, basi nao ni kaka na dada, na ndugu hawaoani. "Nikivunja kanuni kwa ajili ya binti yangu mwenyewe," alisema, "kesho nitamkemea nani?"

Fundi wa Eksirei alijitetea kwamba protini iko kwenye maharage na protoni iko ndani ya atomu, na hawajawahi kukutana popote. Mwenyekiti alimrejesha kwenye KUMB. NA. 2/7. Fundi alifuta jasho.

Katibu aliwasilisha kurasa tano za uchunguzi. Maneno yote mawili yanatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "wa kwanza". Ni ndugu wasio na shaka. Katibu alishauri posa ikataliwe kwa masikitiko.

Mkunga aliomba kuziona kurasa hizo. Alizipekua taratibu, kisha akauliza, "Homa na homoni umewapa nusu ukurasa. Sisi kurasa tano, na mchoro wa ukoo wa rangi tatu. Katibu, una nini?" Katibu alijibu kwamba vitabu vilikuwa vingi. Babu Darubini, bila kunyoosha mkono, alisema, "Kijana wa maktaba anampenda binti. Andika hivyohivyo." Katibu aliomba maneno hayo yasiingie. Mwenyekiti aliamua kwamba kumbukumbu lazima ziwe kamili. Yameingia.

Mwenyekiti alimtaka Katibu aseme kama ni kweli. Katibu alisema ni kweli.

Bi Mfamasia alisema "Mama yangu we!" na kuomba iandikwe. Mkunga aliuliza mbona Katibu hakusema siku zote alizokuwa akimtafutia vitabu na kumletea mpaka wodini. Katibu alieleza kwamba alikuwa anasubiri apate ushahidi wa kutosha. Bi Mfamasia alisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wajumbe walicheka, isipokuwa wawili.

Mkunga alisema kwa upole kwamba anampenda Fundi wa Eksirei na hatabadilika, na kwamba Katibu ni mtu mwema na asimchukie. Alisema hayo akimtazama Katibu usoni. Katibu alishukuru kwa ufafanuzi na kuomba dakika moja ya kuchonga penseli. Alipewa. Penseli ilikuwa imeshachongwa.

Bi Mfamasia alitoa hoja kwamba kanuni inawafunga walezi, na neno linaweza kubadilishiwa mlezi. Fundi wa Eksirei alisimama papo hapo, akasema protoni amemlea kwa moyo wote lakini yuko tayari kumtoa, maana yeye hawezi kuoa neno. Mwenyekiti aliikubali hoja, kwa sharti kwamba neno lisibaki yatima hata kwa siku moja. Aliuliza ni nani atakayelichukua.

Bi Mfamasia alisema homa peke yake inamtosha. Babu Darubini alisema macho yake hayawezi tena kitu kidogo kiasi hicho. Mwenyekiti mwenyewe hawezi kuwa kaka wa mtoto aliyemlea. Mwalimu wa Anatomia hayupo, na kanuni hairuhusu kumtwika mtu mzigo akiwa hayupo. Mwenyekiti alieleza kwa huzuni kwamba basi posa itasubiri mpaka kamati ipate mjumbe mpya, jambo ambalo mara ya mwisho lilichukua miaka minne. Fundi wa Eksirei alikaa chini. Mkunga aliinamisha uso na kuanza kukunja na kukunjua kitambaa chake.

Katibu alinyoosha mkono.

Mwenyekiti alimuuliza kama anaelewa kwamba akilipokea neno hilo atakuwa kaka wa Mkunga, ndani na nje ya kikao, na kwamba kanuni haina mlango wa kutokea. Katibu alisema anaelewa, ameichunguza kwa kurasa tano. Fundi wa Eksirei alimshika mkono kwa nguvu kupita kiasi. Mkunga alisema, "Asante, kaka."

AZIMIO: Neno "protoni" limehamia kwa Katibu. Posa ipokelewe mara tu kaka wa binti atakapoulizwa kama ana pingamizi, kama ilivyo desturi katika nyumba zenye adabu.

Kaka wa binti aliulizwa. Alisema hana.

KUMB. NA. 5/7: KUFUNGA KIKAO
Wajumbe waliachiwa saa saba mchana, baada ya Mwenyekiti kuwaomba wasiguse plasta mbichi wakitoka.

Mwenyekiti: (sahihi)

Katibu: (sahihi, ya kwanza ilifutika kwa maji, hii ni ya pili)