Harufu ya Dagaa

Kambi ya Dagaa,
Kisiwa cha Bumbire, Muleba.
Jumatatu, 7 Julai 2025

Kwako kaka yangu Mwijage,

Waitu kaka, nakusalimu kwa heshima, na kupitia kwako nainama mbele ya mama yetu, Mae. Habari za Hamugembe? Migomba imestahimilije jua hili, na kifua cha Mae kinaendeleaje na vumbi? Mwanao Esther naambiwa sasa anasoma Biblia kanisani bila kukwama. Nilipoondoka mara ya mwisho alikuwa bado anaandika S ikiwa imegeuka. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Leo ni Sabasaba na wengine wamepumzika, lakini dagaa hawajui sikukuu. Tumeanika tangu alfajiri, na sasa wanakauka juani nami nimekaa juu ya gunia tupu nakuandikia.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nilikupigia mara mbili juma lililopita, na mara zote uliweka spika ili Mae anisikie, tukaishia kuongea habari za mvua. Neno nililonalo si la kwenye spika. Barua hii anakuletea mama Ephrasia, yule anayenunua dagaa hapa na kuwauza Bakoba, huko mjini kwenu. Ni yeye aliyenieleza kwamba baba mdogo Bartholomayo ameita ukoo Jumamosi hii, mmalize habari ya shemeji Kokwijuka: asisubiriwe tena, akae kwao Kamachumu, nawe utafutiwe mke mwingine. Nilimuuliza wewe umesemaje. Akasema umenyamaza. Kaka, naomba usome mpaka mwisho kabla ya hiyo Jumamosi.

Nianzie na redio, maana ndiyo iliyonivuruga. Hapa kambini tuna redio moja, ya Machibya, Msukuma mmoja mkubwa wa mwili na mkubwa wa maneno. Siku chache zilizopita ilisomwa habari ya ule ugonjwa wa korona, kwamba mpaka leo wataalamu wa dunia hawajakubaliana ulianzia wapi. Mimi nilidhani jambo hilo lilishakwisha zamani. Kumbe bado. Machibya akadakia papo hapo kwamba yeye anajua: ulitoka maabara, watu walikuwa wanauchezea kwenye chupa ukawaponyoka. Hussein, anayepiga makasia pamoja naye, akasema hapana, ulitoka kwa wanyama, ukapita sokoni walikouzwa wakiwa hai, kama magonjwa mengine yanavyotoka porini. Machibya akamuuliza kama alikuwepo hapo sokoni akinunua nyama. Hussein akamjibu kwamba kama naye alikuwa mfagiaji wa hiyo maabara, basi atuambie jina la bosi wake. Watu walicheka mpaka reki zikaanguka.

Kisha wakanigeukia mimi nikate shauri. Machibya huniita Nshomile, kwa sababu mimi ni Mhaya na Wahaya wote kwake ni wasomi, ingawa anajua niliacha shule darasa la sita. Akasema, haya Nshomile, toa hukumu. Anapoongea Machibya naona ana haki, akianza Hussein naona ndiye mwenye haki. Mtangazaji mwenyewe alisema ushahidi uliopo unaelekea zaidi kwa wanyama, lakini ya maabara hayawezi kufutwa, kwa sababu kuna taarifa zilizoombwa na hazijatolewa. Hapo, kaka, ndipo nilipoacha kuwasikiliza. Wenzangu waliendelea kubishana, mimi nikarudi kwenye turubai nikageuza dagaa ambao nilikuwa nimeshawageuza.

Toka siku hiyo kichwa changu hakijatulia. Najiuliza, ikiwa watu wenye mitambo na vyeo hawajui ulianzia wapi huko kwao, sisi tulijuaje ulianzia wapi nyumbani kwetu? Maana sisi tulijua kwa siku moja. Unakumbuka, siku ya tatu ya matanga ya baba yetu, Tata, Februari ile ya 2021, wakati ugonjwa wenyewe tukiuita changamoto ya upumuaji kwa sababu hatukuwa na jina lingine la kusema. Hakuna kipimo kilichochukuliwa. Baba mdogo aliuliza tu nani alikuwa amesafiri. Watu wakamtazama shemeji, ambaye alikuwa ametoka Mutukula mpakani na vitenge vyake, na wakati huo alikuwa anakohoa. Baba mdogo akasema kikohozi kimejibu chenyewe. Shemeji alijaribu kueleza kwamba yeye ndiye aliyemfukiza Tata, akaingia naye chini ya blanketi moja na sufuria ya mchaichai kwa sababu Tata hakuweza kukaa peke yake, na kwamba alianza kukohoa baada ya hapo. Shangazi mmoja akasema muuguzi gani huyo anayeuguza alichokileta. Wewe ulitazama chini. Mimi nilikuwa mlangoni, nami nilitazama chini.

Mtu mwingine aliyesafiri alikuwepo hapohapo, kaka, na hakuna aliyemhesabu. Baba mdogo hata alinishika bega akasema kisiwani hakuna ugonjwa, kuna upepo tu.

Sasa nikueleze jambo la huku. Mgeni akifika kambini hawezi kula wiki ya kwanza kwa harufu ya dagaa. Iko kwenye nguo, kwenye ugali, kwenye maji ya kunywa. Wenyeji humcheka na kumwambia kwamba siku atakapoacha kuisikia, ndiyo siku atakuwa mtu wa Bumbire. Mimi nilikaa miaka miwili nikiisikia kila siku. Basi Februari ile, siku mbili kabla ya kuja kuwasalimu, niliamka nikasimama katikati ya turubai za dagaa, nisisikie kitu. Nikachukua mmoja nikamweka puani. Hakuna kitu. Nikawaambia wenzangu, wakapiga makofi, wakanimwagia maji ya ziwa kichwani, wakasema Nshomile amehitimu. Nilifurahi, kaka. Nilikuwa na uchovu na joto kidogo mwilini, lakini nani huku hana uchovu? Nikapanda mtumbwi hadi Kemondo nikiwa na fahari yangu.

Nilifika nyumbani Alhamisi. Shemeji alirudi kutoka Mutukula Jumamosi. Tata alianza kukohoa Jumatatu. Nimezihesabu siku hizi kwa vidole miaka minne.

Na kuna lingine. Jioni ile ya Alhamisi Tata alileta kile kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna. Unajua meno yake yalivyokuwa. Tangu yaanze kuondoka, mimi ndiye niliyekuwa namng'atia punje ya akamwani katikati, nusu yangu, nusu yake. Nikaing'ata ile punje nikampa nusu mkononi, akaiweka mdomoni. Akaniuliza kama ya mwaka huu imekauka vizuri. Mdomoni mwangu ilikuwa kama kijiti. Haikuwa chungu, haikuwa na ladha yoyote. Nikamjibu kwamba ni nzuri sana, Tata. Akafurahi, akanipa nyingine, nikaing'ata na hiyo.

Wakati wa matanga sikujua, naapa. Nilijua miezi mitano baadaye, Julai, muuguzi mmoja alipokuja hapa mwaloni, mitumbwi inapofikia, akatueleza dalili: homa, uchovu, kikohozi, na kwa wengine kupotewa na harufu na ladha. Wenzangu walimsikiliza wakaondoka. Mimi nikaanza kuhesabu siku. Wakati huo shemeji alikuwa ameshaondoka kwenda Kamachumu, na Esther amebaki kwa Mae. Nikajiambia mambo yatatulia, atarudi. Kisha nikajiambia hata nikisema, Tata hafufuki. Kisha ikawa mwaka, ikawa miwili, na neno likikaa tumboni muda huo wote linakuwa zito kuliko gunia.

Sisemi kwamba ni mimi. Naogopa hata kulisema hilo, maana sijui. Huenda ugonjwa ulikuwa wangu, huenda ulikuwa wa Mutukula kweli, huenda Tata aliupata kanisani au kwa muuza maziwa, na huenda hata haikuwa korona. Nimegeuza hili kama ninavyogeuza dagaa, na kila upande una jua lake. Lakini shemeji alihukumiwa wakati taarifa moja haijatolewa, na aliyekuwa nayo ni mimi. Hilo silibishanii na mtu.

Wasomee ukoo barua hii Jumamosi, na baba mdogo akiwepo. Usiruke habari ya kahawa, hata kama Mae atalia. Wakitaka nije nisimame mbele yao, nitakuja kwa mtumbwi wa kwanza. Wakitaka nisije, nitaelewa.

Sina mengi zaidi, jua linashuka na dagaa wanataka kuokotwa. Harufu yao ilinirudia zamani, na kila asubuhi nainama nanusa kwanza kabla ya kushika reki. Machibya ananicheka, anasema Nshomile amefeli, amerudi kuwa mgeni.

Msalimie Mae, na Esther mwambie baba yake mdogo anamkumbuka. Msalimie baba mdogo Bartholomayo bila kinyongo. Na shemeji Kokwijuka pia msalimie sana. Lakini salamu hizo, kaka, usimpe mtu azifikishe. Zipeleke wewe mwenyewe mpaka Kamachumu, na umchukue Esther mwende naye.

Ni mimi mdogo wako,
Dastan