Chai ya Mwalimu wa Hesabu

Jumatatu, 9 Juni
Kupogoa chai, shamba namba saba. Mvua tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Saa nne nyapara akaniita, chuo cha ualimu kimepiga simu. Binti yangu Atieno amejaribu kujiua. Yuko hai, yuko hospitali Kericho. Naandika tena ili niamini. Yuko hai.

Jumanne, 10 Juni
Nimemwona. Ameelekeza uso ukutani. Muuguzi akaniuliza: alikuwa anapata usingizi? Alijitenga na wenzake? Aliwahi kusema yeye ni mzigo? Sikujua hata moja. Baba mzima. Msichana anayekaa naye chumba kimoja ndiye aliyejibu. Muhula wote Atieno halali, haendi kula na wenzake. Wiki jana mwalimu wa hesabu alisoma alama zake mbele ya darasa, akamwambia arudi kwa babake akachume chai.
Basi. Huyo ndiye.

Jumatano, 11 Juni
Kila kichaka nilichokata kilikuwa shingo yake. Nimeulizia. Ana shamba la chai karibu na Litein. Jumapili huwa kanisani. Nitakwenda na kisu changu cha kazi, niikate chai yake yote. Akose jani hata moja.

Alhamisi, 12 Juni
Nilimwambia Opondo, tuliyetoka naye Siaya. Akacheka. "Omera, ndugu yangu, chai ukiikata inachipuka vizuri kuliko jana. Unaenda kumfanyia kazi ya bure." Kweli. Miaka kumi na tisa napogoa, na hasira imenisahaulisha kazi yangu. Basi nitang'oa. Mizizi na yote. Nimeazima jembe.

Jumamosi, 14 Juni
Hospitali. Leo Atieno alizungumza. Nilimwambia mwalimu yule atalipa. Akasema yule alimdhihaki siku moja tu. Kisha akasema, polepole, "Baba, nyinyi mlinipigia kila Jumapili."
Ni kweli. Naweka simu kwenye spika, majirani wa kambi ya wafanyakazi wanapanga foleni kumsalimia. Habari ya Madam. Madam, utakuja kufundisha watoto wetu lini? Tulimwita Madam kabla hajashika chaki. Mimi ndiye niliyeanza. Kumbe alikuwa anaanguka mitihani tangu muhula wa kwanza, akiogopa kutuambia. Akaona asipokuwepo tutapumzika.


Jumapili, 15 Juni
Sikwenda Litein. Bado namchukia mwalimu yule, na nitamshtaki kwa mkuu wa chuo, ana kwa ana. Lakini leo nilikuwa na kazi nyingine. Nilisimama kando ya kitanda. Aliniuliza kama anaweza kurudi nyumbani bila cheti. Nikamwambia arudi alivyo. Muuguzi anataka aje azungumze naye kila wiki. Nitamleta mimi.
Baadaye Atieno alisogea kidogo kitandani, akaniachia nafasi ya kukaa.